Mwaka Nilipokuwa Toleo

Kilio cha baba kilikuwa hakijaisha, watu bado wamejaa uani kwake hapa mtaani kwetu Kikula, wakati binti yangu Nadine aliponivuta mkono, akanipeleka kwenye jiko la nje na kuniambia kwamba anataka kwenda kwa masista. Siyo kuwatembelea. Kwenda kabisa, avae kitambaa chao kichwani na kubaki huko. Mimi nilikuwa nasonga bukari, ule ugali wetu, kwa ajili ya wageni, moshi wa makaa umenijaa machoni, na jambo la kwanza lililonitoka mdomoni lilikuwa, "Ngoja tumuzike babu yako kwanza." Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa wa malaria, maana babu yake tulikuwa tumeshamzika, na ni yeye Nadine aliyenishika kiunoni nisianguke pale makaburini. Akasema, "Sawa, mama," akabeba sahani zake, akarudi kwa wageni. Nikabaki nimesimama na mwiko. Bukari iliungua chini, na wanawake wa shirika bado wananicheka kwa bukari ile.

Najua mtakachoniuliza. Mimi ni Mkatoliki tangu tumboni. Mimi mwenyewe leo ndiye mkubwa wa shirika letu, yaani ile jumuiya ndogo ya majirani tunaosali pamoja kila Jumatano. Mama mwingine angepiga vigelegele hadi kule machimboni Kamatanda wamsikie. Mimi niliogopa, na nyuma ya hofu kulikuwa na hasira, tena hasira ya zamani ambayo nilidhani ilishanitoka. Kwa sababu mwaka mmoja, nilipokuwa na umri wa Nadine, nilikuwa toleo, sadaka ya misa. Sisemi kwa mfano. Nilipelekwa altareni Jumapili asubuhi kwenye mstari wa matoleo, mbele yangu gunia la makaa, nyuma yangu mama mmoja na kuku wake.

Kwetu matoleo hayapelekwi tu, yanachezwa. Kwaya ikishaanza wimbo, wanawake wanatoka viti vya nyuma na vitu vyao vichwani, unga, ndizi, mafuta, makaa, wanasogea taratibu kwa hatua ndogo huku mabega yakifuata ngoma, na kanisa lote linasimama. Nilikuwa nimeshonewa gauni jeupe. Mama alikuwa amenishika mkono wa kulia kwa nguvu, vidole vyake vilikuwa vya baridi ingawa mvua za kwanza zilikuwa hazijaanza na joto lilikuwa kali. Tulipofika mbele, baba akatangaza kwa sauti iliyozidi ngoma kwamba yeye na mke wake wanamrudishia Mungu alichowapa, na kwamba nikimaliza masomo mwaka ule nitapelekwa kwa masista Lubumbashi. Padri, mtu mpole aliyekuwa bado mgeni kwetu, aliniangalia, akaangalia makaa, akaangalia kuku, nikaona hajui aweke mkono wapi. Mwishowe akanibariki kichwani. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, kwa sababu, niseme ukweli, kupigiwa makofi na kanisa zima ni kitu kitamu.

Sasa yule kuku aliyekuwa nyuma yangu alikuwa wa kwetu pia, mama alikuwa amempa jirani ambebe. Kamba ya miguu ililegea. Misa ilipokwisha tulimkuta amefika nyumbani kabla yetu, anadonoa chini ya meza ya vyombo kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama akaanza kucheka, akasema, "Huyu amekataa wito!" Baba hakucheka. Alimkamata, akamweka kwapani, akavaa tena viatu vyake vya kanisani na kumrudisha kwa padri kwa miguu, kwenye jua lile. Alipokuwa anatoka mlangoni alisema, "Kitu cha matoleo hakirudiake nyumbani." Avenyu yote, barabara yetu nzima, ilimsikia. Mimi nilimsikia zaidi.

Lazima niwaeleze sauti ya baba, la sivyo hamtaelewa chochote. Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga mawe ya shaba, na mashine ile ilimla sikio la kushoto lote na nusu ya la kulia. Kwa hiyo alikuwa anaongea kama mtu aliye ng'ambo ya mto, na wewe ukitaka akusikie ilibidi ukae upande wake wa kulia na ujibu vivyo hivyo. Nyumbani kwetu hapakuwa na siri. Nadhiri yenyewe ya mama niliijua hivyo hivyo, siku moja naanika nguo nje na wao wako chumbani. Watoto waliotangulia mbele yangu hawakukaa, kila mmoja alikwenda kabla ya kutambaa. Mimi nilipozaliwa, mama, akiwa bado kwenye kitanda cha hospitali, alimwambia Mungu: huyu akipumua mpaka awe mtu mzima, ni wako. Akamweleza baba peke yake. Yaani akaieleza avenyu nzima.

Basi mwaka ule nikaanza kuishi kama kitu cha mtu mwingine. Nilipewa sahani yangu peke yangu, ya bati, yenye ua la buluu katikati, na mama alipopika tomson, ule samaki wa baridi wa sokoni, kipande cha tumboni kilikuwa changu. Sikutumwa tena sokoni wala kwenye bomba la maji. Nywele zikakatwa. Sebuleni, kwenye viti vya mbao ambavyo shirika lilikalia kila Jumatano, kiti cha karibu na sanamu ya Bikira Maria kikawa changu. Wanawake waliniletea watoto wachanga niwaguse kichwani, na mmoja alinikojolea gauni jeupe, mama yake akasema ni baraka. Tantine Marta, dada mdogo wa baba ambaye alikuwa anaishi nasi na hakuwa na heshima kwa mtu, alikuwa ananiita mezani kama sista, "Ma soeur, unipitishie chumvi kama Mungu anakubali." Shuleni wenzangu wakaacha kunisimulia umbeya. Nikifika, wananyamaza na kuvuta sketi chini ya magoti. Hilo liliniuma kuliko nywele.

Na mimi nilijaribu, jamani. Nilijaribu kweli. Nilikuwa nimefundishwa kwamba Mungu anaita, basi nikakaa kusikiliza. Mchana, watu wakiwa kazini, nilikuwa nakaa kwenye kile kiti na kufumba macho. Nilisikia redio ya jirani, pikipiki, mama akitwanga, mwenye kuuza mafuta akipita. Umeme ukikatika, ile sauti ya friji ya mama inanyamaza, nikasema moyoni, haya, sasa kuko kimya, sema. Hakusema kitu. Niliona furaha ya kweli Jumamosi tu, nilipokuwa nawafundisha watoto wadogo katekisimu nyuma ya kanisa, nikichora mchangani kwa kijiti, wanagombania kujibu. Ningeweza kukaa pale mpaka giza. Nilikuwa natamani kuwa mwalimu kama mwenye njaa anavyotamani kula, lakini sikuwa na mtu wa kumwambia. Ningemwambia mama? Mama ambaye kila nikikohoa alikuwa ananishika shavu na kuangalia juu, kama anayetaka kuhakikisha kwamba mwenye mali haoni?

Baba kwa upande wake alikua. Sina neno lingine. Alikuwa mkubwa wa shirika tangu zamani, lakini baada ya Jumapili ile watu walimsikiliza kwa namna nyingine. Jumatano alikuwa anasimama katikati ya sebule, Biblia imefunguliwa kifuani, anasimulia habari za Ibrahimu na Isaka, namna mzee yule alivyoamka mapema, akatandika punda, akapasua kuni, akapanda mlima bila kuuliza swali. "Bila swali moja!" alikuwa anapiga kelele, na vikombe vinatetemeka kwenye kabati. "Baba mwenye kutii haulizake! Na mukubwa mwenye hatoe kitu, ataongoza bantu namna gani?" Mimi nimekaa kwenye kiti changu pembeni ya Bikira Maria, Isaka wa Kikula, na wote wananiangalia. Baada ya sala wanaume walikuwa wanabaki chini ya dirisha na munkoyo yao, kile kinywaji cha mahindi, nikawasikia. Mmoja akasema, "Mukubwa yetu haiko muntu wa maneno tu. Alitoa wa kwake." Na Papa Kaumba, rafiki yake baba wa kazini, akajibu, "Na shiye tunangojea nini?"

Papa Kaumba hakungoja. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Didier, mkubwa kuliko mimi kidogo, kijana ambaye mikono yake ilikuwa na grisi siku zote kwa sababu alikuwa anafungua kila chenye injini. Jumatano moja Papa Kaumba akasimama na kusema kwamba yeye pia anatoa, Didier ataingia seminari. Makofi. Didier alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakupiga makofi wala hakukataa. Alikuwa anaangalia kucha zake. Siku chache baada ya Noeli, mvua ikiwa inanyesha kila mchana, akatoroka. Hakuaga mtu. Ikasemekana ameonekana Kamatanda, anashuka kwenye mashimo pamoja na wachimbaji.

Kila mtu wa hapa anajua maana ya kushuka shimoni wakati wa mvua. Udongo wetu mwekundu ukilewa maji hauna urafiki na mtu. Mama Kaumba alikuja kwetu bila viatu, akaketi chini sakafuni, akawa anaita tu jina la mtoto wake. Baba na Papa Kaumba walichukua baiskeli asubuhi, na sisi tukabaki tunasali rozari, Tantine Marta naye, ambaye siku ile hakutania hata mara moja. Mchana ukapita. Mvua ikaanza, ikakazana. Halafu mlango ukafunguliwa na baba akaingia, amelowa mpaka mifupani, na nyuma yake Papa Kaumba, na Didier, mzima, mwekundu kwa tope kuanzia nywele mpaka miguu, kiasi kwamba mama yake alimtambua kwa macho tu. Mama Kaumba alimpiga kofi, kisha akamkumbatia, kisha akampiga tena. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, na hilo halikuhitaji wito.

Mama alimpa Didier maji ya moto, halafu bukari na lengalenga, mboga yetu ya majani. Mimi nilikuwa chumbani, na kati ya chumba na sebule palikuwa na pazia tu, nami nikachungulia kando yake. Nilimsikia baba akimuuliza, kwa upole wake ule wa kupasua bati, kwa nini amefanya vile. Didier akajibu kwa sauti ndogo. "Sema kwa nguvu," baba akasema. Na Didier akasema kwa nguvu, akapaza sauti kuliko nilivyowahi kusikia kijana akimpazia mkubwa: "Baba yangu hakuniuliza kitu! Alisema Mukubwa alitoa wa kwake, na yeye hawezi kubakia nyuma. Sasa minye nauliza, nani aliniita? Mungu njo aliniita, ao ni weye, Mukubwa?"

Papa Kaumba alipiga meza, sahani ikaruka. "Haujibuake mukubwa vile!"

"Umuache," baba akasema. Kisha akageuza kichwa, akamwelekezea Didier lile sikio lake la kulia. "Rudilia. Sikusikia muzuri."

Alikuwa amesikia. Wote tulijua kwamba amesikia, hata mwenye duka wa kwenye kona alikuwa amesikia. Didier akarudia neno kwa neno, safari hii polepole, huku analia. Baba alivua shati lake lililolowa, akalikamua mlangoni, akakaa.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na ukimya ambao hatukuuzoea. Jumatano baba alisoma masomo lakini hakuhubiri, alisema koo linamuuma. Alikuwa anakaa na Biblia magotini kwenye ukurasa ule ule wa Ibrahimu, anafuata mistari kwa kidole, anafika mwisho, anarudi mwanzo. Halafu Jumapili moja, baada ya misa, tukiwa mezani, mama amekwenda jikoni kuleta mboga, akavuta kiti cha upande wake wa kulia. "Felisite, kuya ukae huku." Nikahama na sahani yangu yenye ua la buluu. Akaniuliza, na kwa mara ya kwanza maishani nilimsikia baba akijaribu kuongea kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wakati unasali, unasikia nani?"

Ningeweza kudanganya. Midomo ilikuwa tayari. Lakini ukimsemesha baba ilibidi kupaza sauti, na uongo ni mgumu kupaza, unakatika njiani. "Nakusikia weye, baba," nikasema. "Nasikia mama. Nasikia bantu ba shirika. Mungu, bado sijamusikia." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaendelea, nikamwambia habari za watoto wa Jumamosi, kijiti, mchanga, na kwamba nataka kuwa mwalimu, yote kwa kelele ileile, maana kwake hapakuwa na njia ya kusema jambo gumu kwa sauti ndogo. Baba aliangalia sahani yangu muda mrefu. Kisha akasema, "Aksanti," akachukua tonge, akalitumbukiza mahali ambapo hapakuwa na mboga, akalila hivyo hivyo kavu, machozi yanamshuka kwenye ndevu.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria mikononi. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Ilunga," akamwita baba kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya kamwe mbele yetu, "nilimuahidia Mungu. Weye mwenyewe ulisema kitu cha matoleo hakirudiake. Sasa unataka nizike tena?" Akaweka sufuria chini, akaingia chumbani. Hatukula.

Jumatano iliyofuata baba alisimama katikati ya sebule kama zamani. Sebule ilijaa, Didier alikuwapo, amekaa na wazazi wake. Baba akasema, "Niliwafundisha nusu." Watu wakatazamana. "Nilisoma habari ya Ibrahimu miaka yote hii, na kila mara nilikuwa nasimama fasi yenye anainua kisu. Niliona pale njo utii unaisha. Lakini someni chini yake. Kunakuya sauti ya pili. Inamuita tena, inamwambia asimuguse mutoto. Sasa munijibu. Kama Ibrahimu alikuwa na masikio kama yangu hii, Isaka angekuwa wapi?" Mvua ilikuwa inapiga mabati. "Kuinua kisu, baba yoyote anaweza. Tunainua kila siku, na tunasema ni juu ya Mungu. Kusikia sauti ya pili wakati bantu bote banakuangalia na banakupigia makofi, njo kazi. Minye sikusikia. Nilikuwa napenda makofi." Kisha akamgeukia Didier akamwomba msamaha, akanigeukia mimi akaniomba msamaha, mbele ya wote, mtu mzima yule na mvi zake. Akasema kwamba hawezi kuwa mkubwa wa shirika mpaka atakapojifunza kusikiliza, akaweka Biblia mezani, akaenda kukaa kwenye benchi la karibu na mlango, mahali pa wachelewaji.

Msidhani watu walimpenda kwa hilo. Wengine walisema Mukubwa amemeza neno lake, wengine kwamba ameona uchungu wa mtoto wake wa pekee, na wawili watatu walihamia shirika la jirani. Papa Kaumba hakumsalimu kwa muda. Baba alikuwa anakaa pale mlangoni, sikio la kulia limeelekezwa ndani, anasikiliza wengine wakisoma. Sijawahi kumwona mkubwa kama nilivyomwona kwenye benchi lile.

Lakini bado mama. Alinihudumia, alinipikia, hakunisemesha. Sahani yangu ilibaki ile ile. Nilimkuta mchana mmoja anapeta mchele, vidole vinakwenda vyenyewe, macho hayapo, nikapiga magoti karibu naye nikajitolea kwa ajili yake, "Mama, kama unaogopa sana, nitaenda. Nitaenda juu yako." Akaacha kupeta. "Juu yangu?" akasema. "Na Mungu atafanya nini na muntu mwenye anakuya juu yangu?" Ikawa kana kwamba amejisikia mwenyewe. Akanifuta vumbi la mchele puani, akaendelea na kazi yake, na sikujua kama nimemsaidia au nimemwongezea.

Ilifika sikukuu ya mishumaa, mwanzo wa mwezi wa pili, wakati linaposomwa somo la Mtoto Yesu kupelekwa hekaluni. Mimi somo hilo nililisikia kila mwaka bila kulisikia. Padri alisoma jinsi Maria na Yosefu walivyompeleka mtoto wao kwa Bwana, kwa kuwa mzaliwa wa kwanza ni wa Bwana, na jinsi walivyotoa ndege wawili, kisha wakarudi kwao Nazareti, naye mtoto akakua. Mama alinifinya mkono mpaka nikaruka. "Walirudi naye," akaninong'oneza. "Felisite, walirudi naye nyumbani." Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

Wiki ile alikwenda mwenyewe soko la Kikula akarudi na njiwa wawili kwenye kikapu, weupe kidogo, wachafu kidogo, wamefunikwa kitambaa. Jumapili, kwaya ilipoanza wimbo wa matoleo, mama akatoka kitini na kikapu kichwani. Alicheza. Alicheza kutoka mlangoni mpaka altareni, mabega, kiuno, yote, na mimi nyuma yake, na baba nyuma yangu, anaimba nje ya sauti kama kawaida yake. Padri akapokea kikapu, akafunua, akashtuka. "Mama, hawa ni wa nini?" Na mama, ambaye maisha yake yote alikuwa akiongea kanisani kwa kunong'ona, akasema kwa sauti aliyoizoea kwa baba: "Mon père, nakuya kuchukua mutoto wangu. Nilimutoa, Mungu alimupokea, nashukuru. Sasa naomba anirudishie, kama alivyomurudishia Maria wake. Kama Mungu anamutaka, amuite yeye mwenyewe, mutoto iko na jina lake."

Padri akashuka ngazi, akanishika mkono, akauweka kwenye mkono wa mama, akaufunga kwa mikono yake miwili. Kama alisema neno, halikusikika, maana wakati huo huo njiwa walikuwa wametoka kikapuni na kuruka juu, kwaya ikapoteza wimbo, watoto wakapiga kelele, na mmoja wa ndege akamwachia kitu Tantine Marta begani. "Ni baraka," nikamwambia. Alinitukana pale pale kanisani.

Siku ile tulikula sote kwenye sahani za kawaida. Ile yenye ua mama aliigeuza ya kuwanyweshea kuku maji. Mwaka uliobaki niliumaliza nikitumwa sokoni kama kila mtu, nywele zikaota, na nilipoanza kusomea ualimu baba ndiye aliyenipeleka kwa baiskeli siku ya kwanza, anawaambia wapita njia kwa kelele kwamba mwalimu anapita. Shirika lilimrudisha kuwa mkubwa baadaye, bila yeye kuomba, na Papa Kaumba ndiye aliyetaja jina lake. Didier leo ana gareji yake kwenye barabara ya malori. Mama aliishi mpaka akawabeba wajukuu, na hakuzika mtoto tena. Njiwa hawakutoka kanisani. Wajukuu zao bado wanatuchafulia viti vya mbele, na kila padri mpya anauliza kwa nini hatuwafukuzi.

Haya yote yalinipita kichwani nikikwangua sufuria iliyoungua. Nilikuwa nimejiona miaka yote kama mtoto aliyeshushwa kwenye kuni. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa mwenye kuinua mkono. Maana nilijijua: jibu langu kwa Nadine lilikuwa limeshaiva mdomoni, na lilikuwa hapana. Hapana, kwa sababu ya sahani ile. Hapana, kwa sababu ya nywele zangu. Nilitaka kumfunga kwangu kwa kamba ile ile baba aliyotaka kunifungia kwa Mungu, na kumwambia ni kwa ajili ya uhuru wake. Ningeweza, pia. Nadine ni mtoto anayesikia. Ningelia kidogo tu, angebaki.

Kesho yake mchana nilimwita tena jikoni. Nilivuta kibao, nikamwonyesha aketi upande wangu wa kulia, ingawa masikio yangu yote mawili ni mazima. "Nadine," nikamuuliza kama baba alivyoniuliza siku ile mezani, "wakati unasali, unasikia nani?"

Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake cha kilio. "Sijue kama ni Yeye, mama," akasema. "Labda ni Yeye. Nataka kuenda kuangalia. Lakini weye, sikusikii hata kidogo. Weye uliniambia nisome, niolewe, nikuwe daktari, nisibebe vitu vizito. Ile moja ya kuenda kwa masista haujaniambia hata siku moja. Njo maana najua haitoki kwako."

Nililia, jamani, siwafichi. Nililia kwa baba, ambaye angeisikia hiyo hata kwa sikio la kushoto. Kisha nikamfuta Nadine masizi ya sufuria shavuni, nikamwambia kama ni hivyo aende akaangalie, mlango wa huku hautafungwa, na soko la Kikula bado lina njiwa. Akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Nikampa sinia ya bukari awapelekee wageni waliokuwa wanangoja uani, maana Mungu aliyemngoja siku zote hizo angeweza kungoja sahani moja zaidi.